Siku Roketi Ilitoboa Plazma

Wasee, Mei 14, 1973 Marekani ilirusha Skylab kwa roketi ya Saturn V. Wengi wanakumbuka ile ngao iliyong'oka njiani. Mimi nataka tuongee juu ya moshi wake.

Kwanza si moshi, ni mvuke. Hatua ya pili ilichoma hidrojeni na oksijeni hadi zaidi ya kilomita 400 juu, katikati ya ayonosfia, penye ayoni za oksijeni na elektroni huru. Ayoni zikigusa mvuke zinageuka ayoni za molekuli, na hizo humeza elektroni chap chap. Basi elektroni zikapungua kwa zaidi ya nusu, kama kilomita 1,000 kila upande, kwa masaa. Na hakuna aliyepanga! Michael Mendillo na wenzake waliona tu mawimbi ya setilaiti yamebadilika.

1985 ikafanywa makusudi: Challenger iliwasha injini juu ya Tasmania ndio darubini ya redio ichungulie nyota kupitia hilo shimo. Hiyo ni akili, si uongo.

Jua hulijaza tena, sawa. Lakini siku hizi roketi zinaruka kila wiki, na GPS ya simu yako inapita hapo hapo. Nani aliulizwa?