Picha za Bonde la Rukwa Zilivyopata Mhimili wa Wakati

Ukiitazama Mamba, kata ya Mpimbwe magharibi mwa Tanzania, kutoka angani mwezi Machi, kisha Septemba, utadhani ni nchi mbili. Masika, uwanda ulio kati ya Hifadhi ya Katavi na Ziwa Rukwa huwa kijani na maji yametuama. Kiangazi hubaki vumbi. Ziwa lenyewe halina kina wala mto unaotoka, hivyo ufuo wake husogea na kurudi. Picha moja ya bonde hili, hata iwe safi vipi, ni ushahidi wa siku moja tu.

Lakini programu za kuchakata picha za setilaiti zilizaliwa kwa ajili ya picha moja. Setilaiti ya kwanza ya Landsat, ya Marekani, iliporushwa Julai 1972, data zake zilisomwa kama ramani bapa: mistari, safu wima na bendi nne za mwanga. Wakati haukuwa na nafasi. Aliyetaka kulinganisha miaka miwili alifungua mafaili mawili, akayaoanisha, akatoa namba za moja kwenye za jingine. Wachache walilalamika, maana picha zenyewe hazikununulika: moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600. Nani angenunua mia mbili za Mpimbwe?

Mwaka 2008 Marekani ilitangaza kuzitoa bure, na shida ikawa wingi. Geoscience Australia walizipanga tarehe juu ya tarehe, kama mikeka, ili anayechoma sindano mahali pamoja aipate historia yote ya hapo. Mwaka 2018 mpango wa namna hiyo ulizinduliwa kwa Kenya, Ghana, Senegal, Sierra Leone na Tanzania. Baadaye Digital Earth Africa ikaueneza barani.

Programu kongwe zilijikokota. GDAL, maktaba ya kusoma mafaili ya ramani aliyoianzisha Frank Warmerdam mwaka 1998 na inayotegemewa na programu ya ramani ya QGIS, ilipopewa faili la mvua la miezi 120 ililigeuza kuwa bendi 120. Mwezi ukawa maelezo ya pembeni. Toleo la 3.1, Mei 2020, ndilo lililoiwezesha kusoma safu za namba zenye vipimo vingi: latitudo, longitudo, wakati, hata kimo. Miaka 22!

Sasa pikseli moja ya Rukwa huulizwa: tangu 1984, kati ya mara ulizoonekana bila wingu, ulikuwa na maji mara ngapi? Jibu hutenganisha ziwa la kudumu na mbuga ya masika. Silipokei lote, kwa kuwa mawingu hufunika bonde wakati uleule wa mafuriko, na kiangazi hupata kura nyingi kuliko haki yake.

Tena pikseli ya Landsat ina mita 30 kila upande, kwa hiyo ekari moja ya mpunga ni pikseli nne na nusu. Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zinazorushwa tangu 2015, huigawa ekari hiyohiyo vipande 40.