Kubashiri gofu ana kwa ana: Jinsi dau linavyohesabiwa

MJI wa Nanyuki, ulio kandokando ya mstari wa ikweta katika Kaunti ya Laikipia, una viwanja vya gofu vya mashimo tisa: kile cha Nanyuki Sports Club na kile cha hoteli ya Mount Kenya Safari Club. Atakaye kucheza raundi kamili ya mashimo 18 hulazimika kuuzunguka uwanja mara mbili. Popote gofu inapochezwa, desturi ya wachezaji wawili kuwekeana dau dogo kabla ya mpira wa kwanza kupigwa ni kongwe, na haki hutafutwa kwa njia moja: aliye stadi humpunguzia mwenzake mikwaju kadhaa ili wakutane sawa.

Kampuni za kamari huendesha mambo kwa njia nyingine. Mnyonge hapewi mikwaju, hupewa bei. Katika ubashiri wa ana kwa ana, kampuni huwachagua wachezaji wawili miongoni mwa zaidi ya 140 wanaoshiriki shindano, na mteja hutaja ni nani kati yao atakayemaliza mbele ya mwenzake. Si lazima yeyote kati yao atwae kombe. Mmoja akimaliza wa 40 na mwingine wa 41, aliyemchagua wa 40 ameshinda.

Dau laweza kuwa la raundi moja ama la shindano zima, yaani raundi nne za kuanzia Alhamisi hadi Jumapili. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Alama za mchezaji wa kulipwa hupanda na kushuka kwa takriban mikwaju mitatu kutoka siku moja hadi nyingine. Kwa hivyo, mchezaji aliye bora kuliko mwenzake kwa mkwaju mzima kila raundi, na hiyo ni tofauti kubwa katika kiwango hicho, atamshinda karibu mara sita tu katika kila siku 10, sare zikiondolewa. Katika raundi nne hufikia karibu mara saba. Siku moja humficha mchezaji hodari. Siku nne humfichua.

Sare nayo ina mambo yake. Katika raundi moja, wawili wenye uwezo unaokaribiana hulingana alama karibu mara moja katika kila raundi 10. Baadhi ya kampuni hurudisha dau. Nyingine huifanya sare kuwa chaguo la tatu lenye bei yake, na hapo aliyechagua mchezaji yeyote kati ya wawili hao hupoteza fedha zake. Bei mbili zinazofanana machoni zaweza basi kuwa na thamani tofauti kabisa, na jambo hilo huandikwa katika kanuni ambazo wateja wengi hawazisomi.

Baada ya raundi mbili huja mchujo. Katika ziara ya DP World Tour, wachezaji 65 wa kwanza pamoja na waliolingana nao huendelea, wengine hufunga virago. Aliyevuka mchujo humshinda aliyeachwa nje. Wote wawili wakiachwa, kwa kawaida huangaliwa alama zao za mashimo 36. Anayejiondoa kabla ya kuanza hufanya dau libatilishwe, lakini akiumwa mgongo baada ya kupiga mpira wa kwanza, kwa kampuni nyingi huwa ameshindwa.

Tuje kwenye fedha. Tuseme wachezaji wawili wamepewa bei sawa ya 1.83. Anayeweka Sh100 hulipwa Sh183 akishinda. Ili asipate hasara wala faida, hana budi kubashiri sawasawa mara 54.6 katika kila 100, wala si 50. Pengo hilo ndilo pato la kampuni. Kisha kuna Serikali. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 iliweka ushuru wa asilimia 5 kwa fedha zinazoingizwa katika akaunti ya kamari, na kodi ya asilimia 5 kwa zinazotolewa. Anayeingiza Sh1,000 hubakiwa na Sh950 za kuchezea. Akiziweka zote kwa bei ya 1.83 na kushinda, hupata takriban Sh1,738. Akizitoa, mkononi hufika kama Sh1,651. Kwa hesabu hiyo anahitaji kupatia zaidi ya mara 60 katika kila 100, kiwango ambacho, kama tulivyoona, hata mchezaji aliye bora kwa mkwaju mzima hakifikishi kwa hakika katika raundi moja. Na kampuni haitampa mchezaji wa namna hiyo bei sawa na mwenzake.

Je, mkazi wa Mlima Kenya ana ujuzi wowote wa kumfaa? Anao, hasa mashindano ya Kenya Open yanapowadia. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1967, yakaingia katika ngazi ya juu ya ziara ya Ulaya mwaka 2019, na kati ya 2022 na 2025 yalichezewa Muthaiga, Nairobi. Jiji hilo liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira hupaa mbali kuliko pwani. Mgeni hulazimika kujifunza upya ni fimbo ipi ya umbali upi. Nanyuki iko juu zaidi. Kuna pia nyasi ya kikuyu, mmea wa asili wa nyanda za juu za Afrika Mashariki uliosambaa hadi uwanja wa Riviera mjini Los Angeles. Majani yake ni magumu na hufumana. Mpira ukizama ndani, nyasi huishika fimbo na kuipinda. Aliyekulia juu ya nyasi hiyo huiheshimu. Lakini wapangaji wa bei nao husoma rekodi za wachezaji katika viwanja vya aina hiyo.

Ujuzi mwingine hauruhusiwi kabisa. Kedi anayejua kwamba bega la bosi wake linauma haruhusiwi kubashiri gofu wala kumpenyezea mtu habari hizo. Nchini Marekani, PGA Tour ilianzisha mpango wa kulinda uadilifu Januari 2018, na mwaka 2023 wachezaji Vince India na Jake Staiano wa ziara yake ya daraja la pili walisimamishwa, mmoja miezi sita na mwingine mitatu, kwa kubashiri mashindano ya PGA Tour ambayo wao wenyewe hawakuyacheza.