Kemia ya Novemba

Kenya haijawahi kuwa na mtihani maalum wa kuingilia chuo cha udaktari wa meno. Marekani wanao. Unaitwa DAT, na kwa miaka mingi mtahiniwa alikuwa anapewa kipande cha chaki na kisu, anaambiwa achonge umbo fulani kwa vipimo kamili, kwa sababu kazi ya meno ni ya mikono kama ilivyo ya kichwa. Chaki waliiondoa 1972. Kanada waliendelea kuchongesha watu sabuni hadi miaka michache tu iliyopita. Mimi nikiwakumbuka vijana wa huku kwetu wanaofundishwa na wazee kuchonga mitumbwi, nacheka kidogo. Kumbe kuna nchi ambako hiyo ingehesabiwa.

Sisi tuna Fom Foo. Ukitaka kung'oa watu meno ukiwa na digrii, mlango ni ule ule wa anayetaka uhandisi, sheria ama ualimu: KCSE, masomo saba, wiki chache za mwisho wa mwaka, halafu kompyuta inakupanga. Hakuna anayeangalia kama mkono wako unatetemeka. Kwa hivyo historia ya nani anakuwa daktari wa meno Kenya ni historia ya mtihani wa sekondari, na nataka kuisimulia kutoka Garsen. Ukiisimulia kutoka Nairobi inaonekana kama habari ya akili tu.

Kwenye vitabu vya shule, Tana River ni vitu viwili: mto mrefu kuliko yote Kenya, na Hola, Machi 3, 1959, siku wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa. Elimu haitajwi, na ilikuwepo. Wamisionari Wajerumani wa Neukirchen walifika Ngao, hapo karibu na Garsen, mwaka 1887. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, aliandika sarufi na msamiati wa Kipokomo kabla karne ya 19 haijaisha. Yaani kulikuwa na watu kwenye kingo za Tana wanaosoma na kuandika lugha yao kabla reli haijafika Nairobi. Sisemi hivi ili tujisifu. Nasema kwa sababu kila mwaka matokeo yakitoka, kuna mtu redioni anayeeleza kwamba watu wa Tana "hawajazoea elimu."

Kilichokosekana kilikuwa ngazi. Ripoti ya Beecher ya 1949 ilipanga masomo ya Waafrika hivi: miaka minne, mtihani, minne mingine, mtihani tena, ule wa KAPE, halafu minne ya sekondari kwa wachache waliobaki, hadi cheti cha Cambridge. Juu kabisa ilikuwa Makerere. Makerere ilifundisha udaktari, lakini sio wa meno. Afrika Mashariki nzima haikuwa na chuo kikuu cha kukupa digrii ya meno. Aliyeitaka alienda ng'ambo, na ng'ambo ilihitaji baba mwenye mali ama skolashipu.

Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha meno ndani ya kitivo chake cha udaktari, na kundi la kwanza likahitimu 1978. Wakati huo mlango ulikuwa kidato cha sita. Kidato cha tano cha sayansi kilitaka maabara, na maabara ilitaka maji ya mfereji, gesi, na mwalimu wa fizikia asiyeomba uhamisho kila Januari. Kwa mtoto wa Garsen hiyo ilimaanisha kuondoka nyumbani.

Halafu ikaja 8-4-4 mwaka 1985. KCSE ya kwanza ilifanywa 1989, na kidato cha sita kikazikwa. Watu wengi wa rika la wazazi wangu huitukana 8-4-4, na wana haki yao, lakini kwa upande mmoja ilikuwa habari nzuri huku kwetu. Miaka miwili ya kusoma mbali ilifutwa. Mtu angeweza kufanya kemia yake ya mwisho palepale alipofanyia ya kwanza.

Ila mtihani ukaachwa pale pale mwisho wa mwaka, Oktoba na Novemba.

Hapa lazima nieleze mto. Mgeni akisikia mafuriko Garsen anaangalia juu. Hakuna kitu, jua linawaka. Maji yetu hayatoki mbinguni kwetu, yanatoka Mlima Kenya na Aberdare. Yanateremka, yanajaza mabwawa ya kule juu, Masinga likiwa ndilo kubwa zaidi, lililokamilika 1981. Masinga likishajaa, maji yanamwagika na kuendelea na safari, yanapita Garissa, yanapita Hola, na siku kadhaa baadaye yako kwenye shamba la mpunga la mtu huku chini, na kwenye njia ya mtoto anayeenda shule. Vuli ni Oktoba hadi Disemba. Kwa hivyo mtahiniwa wa kemia wa Tana Delta anategemea vitu viwili: bidii yake, na mvua ya Nyeri.

Hesabu miaka mwenyewe. Mwisho wa 1961, wakati watu walikuwa bado wanafanya Cambridge, mto ulifurika kwa kiasi ambacho wazee wanakitaja hadi leo. Mwisho wa 1997 ilikuwa El Nino, ile ambayo nchi nzima inaikumbuka. Novemba 2023 El Nino tena: barabara ikakatika Mororo, kule karibu na Garissa, na serikali ikalazimika kutumia helikopta kufikisha mitihani katika baadhi ya sehemu za nchi. Magazeti yalipenda sana picha za helikopta. Karatasi inaweza kuruka juu ya maji ikafika saa mbili asubuhi. Lakini aliyelala juu ya meza ya kanisa kwa wiki mbili kwa sababu kwao kumefunikwa, yeye hajarukishwa popote. Anaifungua karatasi ile ile anayofungua mtu wa Kileleshwa, na inasahihishwa kwa mwongozo ule ule.

Na sio maji tu. Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013, mapigano ya Waorma na Wapokomo yaliua zaidi ya watu 100: Riketa, Kilelengwani, Kipao. Maelfu walihama. Kuna watu walifanya Fom Foo mwaka ule. Sitaki kuandika mengi kuhusu hilo, wengine wameliandika wakiwa na haki zaidi yangu. Nataka tu ukumbuke kwamba cheti kina jina, namba na gredi. Hakina mahali pa kuandika kilichokuwa kinaendelea nje ya dirisha.

Turudi kwenye kemia, maana meno bila kemia hakuna. Namba ya somo ni 233, na karatasi ya tatu ni ya vitendo. Kabla ya siku yenyewe shule hupokea orodha ya vifaa na dawa zinazohitajika. Wanafunzi wanaiita konfidenshali, na kila aliyepita Fom Foo anajua presha yake: mwalimu anaisoma, anahesabu bureti, anahesabu watahiniwa, anaanza kupiga simu. Shule yenye maabara inaichukulia orodha kama mazoezi ya kawaida. Kwenye shule isiyo nayo, kuna mtahiniwa atakayeshika bureti kwa mara ya tatu ama ya nne maishani siku hiyo, na ndiyo siku anayotakiwa kujua, kwa tone moja, rangi imegeuka waridi ama bado. Unaona kichekesho? Nimesema Kenya haipimi mikono ya daktari wa meno. Inaipima, lakini inapima kama mkono wako uliwahi kukutana na kioo.

Wenye pesa walikuwa na njia nyingine. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Moduli ya Pili: ukiwa na gredi za chini kidogo ya zile za wanaolipiwa na serikali, ulilipa mwenyewe, na kwa kozi kama meno ilikuwa laki kadhaa kila mwaka. Na kabla ya 2016 kulikuwa na ile ya karatasi kuvuja. Mwaka 2015 A zilikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata, baada ya Fred Matiang'i kuivunja bodi ya baraza la mitihani na kuyafungia makontena, A zilikuwa 141. Nchi nzima. Kila mtu anaizungumzia hiyo kama hadithi ya wezi, sawa. Mimi huwaza kuhusu waliofanya kwa haki ile miaka ya nyuma, wakapata A- ya jasho, wakaachwa nje na A ya kununua. Nafasi za meno ni chache, kwa hivyo A moja ya uongo ni kiti kizima.

Nilijifunza hesabu ya viti hivi sio chuoni. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, nikarudi Garsen naandikia watu makala kwa malipo. Jirani yetu ana binti yuko Fom Foo, deskola, nyumbani kwao ni upande wa pili wa maji. Anataka meno. Sababu yake haina ushairi wowote: mama yake alisafiri hadi Malindi, zaidi ya kilomita 100, shavu limevimba, kwenda kushughulikiwa jino moja. Nyanya yake naye anatumia mswaki wa mti tangu utotoni na meno yake yote yapo. "Mimi niko katikati ya hao wawili," ananiambia.

Jioni moja alikuja na daftari. "Kaka, nifanyie klasta."

Klasta ni masomo manne ambayo kozi inayaangalia. Kwa meno ni bayolojia, kemia, hesabu ama fizikia, na Kiingereza ama Kiswahili. Fomula iliyotumika kwa miaka mingi ni hii: pointi zako za masomo manne gawanya kwa 48, pointi zako za masomo saba gawanya kwa 84, zidisha hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Tukaweka A- kila mahali, yaani pointi 11 kila somo: 44 kwa 48, 77 kwa 84. Jibu ni 44 kamili.

"Na meno wanataka ngapi?"

"Zaidi ya arobaini. Lakini hakuna namba iliyoandikwa mahali. Ni namba ya mtu wa mwisho aliyeingia. Mwaka ujao inabadilika."

"Kwa hivyo naweza kupata A- kila somo na bado nikose?"

"Inawezekana, ndio."

Akanyamaza. Halafu akauliza kuhusu ile "ama" ya lugha. Nikamwambia wanachukua iliyo bora kati ya hizo mbili. "Basi Kiswahili ndicho kitanibeba," akasema, akaandika 12 kwa wino, zile zingine alikuwa ameziandika kwa penseli.

Sina ubishi na KUCCPS kwamba mashine yao ni ya haki kwa maana ya hesabu. Ukiipa 44 inakupa jibu moja uwe wa Garsen ama wa Karen. Wanasema pia kuna nafasi ya kuangalia maeneo yaliyoachwa nyuma na jinsia, na hata enzi za bodi ya zamani ya JAB wasichana walipunguziwa pointi moja au mbili. Nimewasikia watu wa Twitter wakisema hiyo ni kushusha viwango. Kiwango gani? Mtu aliyepata B+ ya kemia akiwa na bureti moja kwa wanafunzi sita, katika mwezi ambao njia ya shule ni boti, anajua kemia kiasi gani ukilinganisha na mwenye A ya shule yenye maabara tatu? Mimi sijui kuihesabu hiyo. Lakini najua fomula haijajaribu.

Mfumo wenyewe unaondoka. KCSE ya mwisho ni 2027. Wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na wakati wa kuchagua njia tatu, sayansi, jamii ama sanaa na michezo, walikuwa wanachagua pia shule, maana sio kila shule ina uwezo wa kufundisha kila kitu. Mtoto wa miaka 14 au 15 anaamua mapema kuliko sisi kama ataishika bureti ama la, na anaamua akiangalia ni nini kilichopo karibu. Wazee waliosoma enzi za KACE wakinieleza kidato cha tano chao, naona kama wananieleza Gredi ya 10.

Binti wa jirani yeye ni wa mfumo wa zamani, na anafanya Novemba hii. Jumapili alinitumia meseji. Amemaliza kurudia moli na titresheni, bado kemia kaboni. Chini yake akauliza kama nimesikia Masinga limejaa kiasi gani.