Morris Nyunyusa
Morris Nyunyusa, maarufu kama Mzee Morris, alikuwa mpiga ngoma kipofu kutoka nchini Tanzania. Anakumbukwa kwa uhodari wake wa kupiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na kikundi.

Mlio wa ngoma zake ulitumiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) kuashiria kuanza kwa taarifa ya habari. Kabla ya Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo binafsi, RTD ndiyo iliyotegemewa Tanzania Bara, kuanzia pwani hadi mikoa ya ndani kama Singida. Hivyo wasikilizaji wengi walizitambua ngoma hizo bila kulijua jina la mpigaji. TBC Taifa, mrithi wa RTD, iliendelea kuzitumia.