Machapisho ya mtafiti wa moyo: namba zinasema nini, na zinanyamaza wapi

Machapisho ya mtafiti ni jumla ya makala alizotoa katika majarida ya sayansi. Kila mara mwenzake anapoitaja mojawapo katika kazi yake, hesabu ya makala hiyo huongezeka kwa moja. Vyuo na wafadhili huangalia hesabu hizi wanapoamua nani apewe kazi na ugonjwa upi upewe fedha. Ndiyo maana jambo hili linatuhusu hata sisi wa Sandoa, Kapanga na Dilolo, tulio mbali na maabara.

Namba zinapatikanaje

Mwaka 1964 Eugene Garfield wa Marekani alianza kuchapa fahirisi inayoonyesha nani amemtaja nani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alileta kipimo kinachoitwa h. Mtafiti mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 20. Aliyetoa makala moja tu, hata ikitajwa mara 2,000, hubaki na h ya 1.

Mfano kutoka Kampala

Mwaka 1948 J. N. P. Davies, mtaalamu wa patholojia aliyefanya kazi Makerere na hospitali ya Mulago, alieleza ugonjwa wa moyo aliouona alipochunguza maiti. Alichapisha katika East African Medical Journal, jarida la Nairobi. Katika ugonjwa huo kovu gumu hufunika utando wa ndani wa moyo. Moyo bado una nguvu ya kusukuma, lakini haufunguki vizuri kupokea damu. Damu hurudi nyuma, na tumbo hujaa maji. Wengi wanaougua ni watoto na vijana wa familia maskini. Waganga huuita fibrosisi ya endomiokadia, na wengine huuita ugonjwa wa Davies.

Miaka 60 baadaye, mwaka 2008, Ana Olga Mocumbi wa Msumbiji na wenzake waliwapima watu 1,063 wa Inharrime kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Watu 211 walikuwa nao, karibu mmoja kwa kila watano, na wengi wao hawakuhisi lolote. Makala yao ilitoka katika New England Journal of Medicine, jarida linalosomwa dunia nzima.

Chanzo cha ugonjwa bado hakijathibitika. Wengine wameshuku minyoo, wengine chakula cha mihogo kisicho na protini ya kutosha. Hilo si neno la kuwatisha watu wa bukari ya mihogo. Ni kuonyesha tu kwamba kazi haijaisha.

Namba zinanyamaza wapi

Kwanza, hesabu hufuata wingi wa watafiti. Shinikizo la damu lina maelfu ya watafiti, basi makala zake hutajwa sana. Ugonjwa wa watoto wa vijijini una wachache, na mtafiti wake huonekana mdogo hata kama kazi yake ni nzito.

Pili, fahirisi kubwa hupendelea Kiingereza. Mganga wa Lubumbashi anayeandika kwa Kifaransa katika jarida la nchini anaweza kusomwa na wanaomhitaji, lakini asihesabiwe.

Tatu, kutajwa si kusifiwa. Makala hutajwa pia na wanaoipinga.

Mwaka 2012 wanasayansi waliokutana San Francisco waliandaa tamko linaloonya kwamba kazi ya mtu isipimwe kwa sifa ya jarida alimochapisha, bali kwa yaliyomo.

Tusomeje basi

Tukiletewa jina la mtaalamu wa moyo pamoja na namba zake, tuulize: amechunguza nini, kwa wagonjwa gani, na je, wengine wamerudia kazi yake wakapata matokeo yaleyale? Je, wagonjwa wamefaidika?

Na wauguzi wa vituo vya afya vya kanisa wasidharau daftari lao. Umri wa mgonjwa, kijiji chake, tumbo lililovimba na siku alipofika, vikiandikwa vizuri, ndivyo mtafiti atakavyovitafuta siku atakapofika Sandoa. Daftari hilo halina h, lakini bila hilo wagonjwa wetu hawatakuwemo katika makala yoyote.