Nani Alisema Kiondo ni Kazi ya Kupitisha Muda?

Kuna mteja alinisimamisha pale Umoja akaniuliza bei ya kiondo. Nikamwambia 1,800. Akakigeuza, akavuta kamba za ngozi kuona kama zitang'oka, kisha akasema, "Si mnasukanga tu mkiwa mmekaa? Nipe na elfu moja." Tukavutana mpaka nikampa na 1,500. Na wasee, kilichonisumbua baadaye si zile mia tatu. Ni kwamba aliposema hivyo, nilicheka na yeye. Yaani nilikubali.

Hicho kiondo kilisukwa na mamangu, kwetu upande wa Mwala, Machakos. Yeye ndiye anakaa na mtoto wangu wa miaka mitatu, mimi nikihangaika Nairobi. Ana shamba, ana mbuzi, ana mambo ya kanisa, na ana mjukuu ambaye hajui kutulia hata dakika mbili. Halafu mimi nasimama mjini nakubali ati anasuka akiwa amekaa. Amekaa saa ngapi?

Basi nikaanza kufuatilia historia ya hiki kitu tunachobeba begani. Nilichokuja kuamini ni hiki: kiondo si kazi ya mtu mwenye muda mwingi. Ni kazi iliyotengenezwa na watu ambao hawakuwa na muda kabisa. Na hapo ndipo shida ya bei ilianzia.

Angalia kwanza vile kinasukwa. Mfinyanzi akiacha udongo nusu, unakauka. Mhunzi akiacha chuma, kinapoa. Mfuma nguo anahitaji mtambo ambao hauwezi kubebwa begani. Kiondo hakina hayo yote. Unaanzia kitakoni: nyuzi za kusimama zinapishana katikati, halafu nyuzi mbili zinazunguka zikipindana kwenye kila uzi wa kusimama, duara baada ya duara. Kila pindo linashika lililotangulia. Mtoto akilia unaacha papo hapo, na ukirudi baada ya saa moja au siku mbili unaendelea. Ndiyo maana mama wa Kikamba au wa Kikuyu angeweza kusuka akitembea kwenda sokoni, mzigo mgongoni, mikono ikifanya kazi peke yake. Hata uzi wenyewe ulisokotwa kwa kiganja juu ya paja. Hakuna mashine, hakuna chumba cha kazi. Mtu mwenye kazi nyingine kumi angeweza kuiweka hii katikati yake.

Na havikuwa vya urembo. Kiondo kilibeba mbegu, kikabeba mahindi na maharagwe kutoka shambani, kikaenda na zawadi za chakula kwenye sherehe. Ukambani nyuzi zilitoka kwenye gome la mbuyu. Kwenye milima ya Wakikuyu zilitoka kwenye maganda ya vichaka vya porini. Rangi zilitoka kwenye mizizi, magome na udongo.

Sasa, katani ambayo leo tunaiona kama ya kwetu tangu zamani ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida kwa ajili ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Mmea wenyewe asili yake ni Mexico. Ilianza safari miche 1,000, ikafika hai 62. Kutoka hiyo 62 ndiyo mashamba makubwa ya Tanga yalianza, na mwanzoni mwa karne ya 20 mkonge ulikuwa umeingia Kenya, ukapandwa upande wa Thika na kwingine. Walowezi waliutaka kwa kamba za meli na magunia. Lakini mkonge unavumilia ukame, na Ukambani ukaishia kupandwa kama ua la shamba. Akina mama wakaangalia hilo ua wakaona uzi. Jani likikatwa, likaparwa mpaka nyama yote itoke, likaanikwa juani, una nyuzi ndefu nyeupe zinazoshika rangi vizuri. Hakuna mkoloni aliyewafundisha kuligeuza kuwa kiondo. Walichukua mmea wa kibepari wakaupeleka jikoni kwao.

Wakati huo huo muda wa hao mama ulikuwa unazidi kukatwa. Kodi ya nyumba ilianza 1901, na ilitakiwa kwa rupia. Wanaume wakatoka kwenda kutafuta hizo rupia kwenye mashamba ya walowezi na mjini. Kazi waliyoacha nyumbani haikuondoka nao. Aliyebaki alilima, akachunga, akalea, na usiku bado akasokota uzi. Kazi ya mwanaume ilikuwa na mshahara na karatasi. Kiondo kilichosukwa nyumbani kikatumika nyumbani hakikuwa na sababu ya kuandikwa popote.

Halafu ikaja vita ya 1914. Nyinyi mnaoshuka Kariokor kununua viatu vya akala na kuwekea viondo ngozi, hilo jina linatoka hapo. Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wabebaji mizigo ambacho Waingereza walikijaza Waafrika kwa maelfu, wengi wao kwa lazima, na wengi hawakurudi. Kati ya waliorudi alikuwa Mutisya Munge wa Wamunyu, si mbali na kwetu. Akiwa Tanganyika aliona Wazaramo wakichonga sanamu za mbao, akarudi na ule ujuzi, na kutoka kwake ndiyo biashara ya vinyago vya Wakamba ilienea mpaka Nairobi, Mombasa na ng'ambo.

Hii stori naipenda. Lakini angalia kitu. Kinyago kina mwanzilishi. Kina jina, kina kijiji, kina tarehe. Kiondo ni kikongwe kuliko biashara ya vinyago kwa vizazi, na hakina jina hata moja. Sidhani ni kwa sababu wasukaji hawakuwa na akili ya kugundua mambo. Kuna mtu wa kwanza aliyejaribu mkonge badala ya mbuyu. Kuna mtu wa kwanza aliyefumua sweta kuukuu akasuka ile sufi kwenye kiondo, akatuletea zile rangi kali ambazo tunaita za kitamaduni. Lakini mchongaji alikaa chini ya mti na wenzake, wateja wakimwona, na watu wakaita hiyo kazi. Msukaji alikuwa jikoni, au njiani, au ananyonyesha. Watu wakaita hiyo kupitisha muda.

Serikali nayo ilikubaliana na hilo jina. Mwaka 1952 utawala wa kikoloni ulisaidia kuanzisha Maendeleo ya Wanawake, na masomo ya mwanzo yalikuwa mapishi, kushona, usafi na malezi. Sisemi hayo ni mabaya. Nasema kazi ya mikono ya mama iliwekwa kwenye kabati moja na usafi wa nyumba: ni tabia nzuri, si ajira.

Baada ya uhuru mambo yakageuka kidogo. Ukambani kulikuwa na mwethya, ule utaratibu wa majirani kufanya kazi pamoja kwa zamu, na vikundi vya akina mama vikaota humo. Miaka ya 70 na 80 watalii na wanunuzi wa ng'ambo walipagawa na viondo. Julai 1985 mkutano wa dunia wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake ulifanyika hapa Nairobi. Susu, nyanya yangu, alikuwa kwenye kikundi wakati huo, na karo ya mamangu ilitoka kwenye viondo. Halafu viwanda vya Asia vikaanza kutoa vikapu vya kufanana, kwa mashine, kwa bei ya kutupa, na wanunuzi wakahamia huko. Kilichorudisha viondo kwenye mabega ya watu wa mjini, kwa sehemu kubwa, ni marufuku ya karatasi za plastiki ya 28 Agosti 2017.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Lakini Wajapani walisajili kiondo chetu!" Hiyo stori imezunguka miaka mingi. Hebu tufikirie. Hataza hupewa uvumbuzi mpya, na inafanya kazi ndani ya nchi iliyoitoa tu. Kitu kilichosukwa hadharani kwa vizazi si kipya. Isitoshe Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inaliambia Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao ukitumiwa, na mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi ikapitishwa. Ulinzi wa karatasi upo. Lakini siku hizi nikisikia hasira ya Wajapani nyamaza nafanya, kwa sababu nilipiga hesabu.

Agosti nilikaa nyumbani wiki mbili. Nikaamua kila mamangu akishika kiondo kimoja, naandika kwenye simu saa ya kuanza, na akikiweka chini naandika saa na sababu. Alidhani nimepata wazimu. Kiondo kilipokwisha, jumla ilikuwa saa 31. Alikiweka chini mara 58. Mbuzi wameingia kwa jirani. Mgeni. Uji unachemka. Mtoto ameanguka. Mtoto anataka choo. Mtoto amemwaga uji. Nilipohesabu sababu, zaidi ya nusu zilikuwa za mtoto, na huyo mtoto ni wangu.

Mimi humlipa 450 kwa kiondo. Ni bei ya soko ya huko, wala sikuitunga. Nyuzi na rangi zinamgharimu 150, inabaki 300. Gawanya kwa saa 31. Haifiki bob kumi kwa saa, yaani haifiki mandazi moja. Mimi naweka ngozi ya 350, nalipa fare, nauza 1,500 au 1,800, halafu naandika mtandaoni ati nainua akina mama. Broker wa mamangu alikuwa mimi.

Nikamwonyesha. "Mwaitu, umekuwa ukiuza hasara miaka hii yote."

Akacheka. "Wewe unahesabu saa kama mtu wa kampuni. Mimi nilikuwa nahesabu karo." Akanyamaza kidogo, akasokota uzi. "Na hii kazi, mwanangu, haijawahi kuniambia niache mtoto nyumbani ndio nije."

Hapo nilikosa jibu, na sitaki kuwadanganya kwamba nililipata baadaye. Ana haki. Hiyo ndiyo akili iliyo ndani ya kiondo tangu wakati wa gome la mbuyu: ni kazi inayomkubali mama na watoto wake wote. Kuna watu wangapi hapa Nairobi wanatafuta kazi kama hiyo na hawaipati? Lakini pia naona mtego. Kwa sababu inakubali kukatizwa, sisi tuliobaki tumekubaliana kuwa muda wake ni wa bure. Kazi ikiweza kufanyika mtoto akiwa miguuni, bei inaanguka, kana kwamba mtoto ndiye anasaidia kusuka.

Tulibishana siku mbili juu ya bei. Aliogopa. "Ukipandisha, nani atanunua?" Mwishowe tukakubaliana nimlipe 1,700, na mimi niuze 3,000. Akitoa nyuzi zake, hiyo ni shilingi 50 kwa saa. Bado si pesa ya kujivunia, lakini angalau ni pesa ya kazi.

Alikuwa na haki tena: wateja walipungua. Zamani tungeuza sita kwa miezi miwili, na kwake ingebaki 1,800. Miezi hii miwili tumeuza vinne, na kwake imebaki 6,200. Kuna siku narudi kejani sijauza hata kimoja na naogopa nimemharibia soko. Hiyo hofu sijaimaliza.

Wiki iliyopita msee mwingine aliniambia yale yale ya kusuka mkiwa mmekaa. Sikucheka. Nilimpa simu, nikamfungulia ile orodha ya mara 58. Akaisoma mpaka chini, akaniuliza, "Huyu mtoto wa kumwaga uji ni wa nani?"

Nikamwambia ni wangu.

Hakununua. Alikirudisha kiondo mezani kwa mikono miwili, polepole, akaenda zake.