Bendi za Harusi Mombasa: Sauti ya Sinema, Fumbo la Mtaani

Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu iitwayo Mombasa Wedding Special, kazi ya Maulidi Juma na kundi lake, Maulidi Musical Party. Kwa Wazungu walioinunua ulikuwa muziki mgeni kabisa. Mombasa kwenyewe hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kundi lilianzishwa 1972, na wanawake wa mjini walikwisha kuucheza muziki wake miaka nenda miaka rudi, chini ya turubai, usiku wa harusi ya ndugu au jirani. Tena mahadhi ya baadhi ya nyimbo zake waliyajua kabla Maulidi hajashika kipaza sauti: walikuwa wameyasikia sinema.

Sifa hiyo ndiyo iliyowaletea wanamuziki wa harusi lawama za muda mrefu. Wanaiga, wakaambiwa, sauti si zao, ni za Wahindi. Lakini aliyewaita waje kupiga hakuwa akitafuta sauti mpya. Alitaka sauti ambayo waalikwa wameshaipenda, na ndani yake maneno ambayo hawajapata kuyasikia.

Kusema kwa mafumbo harusini ni jambo la zamani kuliko bendi. Mombasa ilikuwa na vyama vya lelemama, ambamo wanawake walipangana kwa makundi na kushindana kwa mavazi, karamu na nyimbo. Ibinaal Watan na Banu Saada ni miongoni mwa vilivyotajika sana. Chama kikimrushia mwenzake neno, lazima lirudi jibu. Vyama hivyo vilipofifia, hamu ya kurushiana maneno haikufifia. Ilihamia kwenye taarab.

Taarab nayo ilikuwa imeshazoea kuvuka bahari. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Baada ya vita vya pili vya dunia zikaja filamu za Kihindi. Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, ilipendwa mno pwani yetu, na sauti za Mukesh, Mohammed Rafi na Lata Mangeshkar zikaingia katika nyumba ambazo hakuna aliyejua Kihindi. Kijana alirudi kutoka sinema akipiga mluzi. Mwenye kinanda akautafuta wimbo kwa kidole mpaka akaupata.

Aliyeifanya kazi hii ikawa sanaa ya kuheshimiwa ni Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014. Aliweza kuupandisha na kuupinda wimbo kama waimbaji wa filamu, ila alichokiimba kilikuwa Kiswahili cha Kimvita. Nyimbo zake nyingi zilitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilitoka 1971.

Kazi ya mtunzi kama huyo haikuwa nyepesi. Shairi letu la kawaida lina mizani kumi na sita kwa mshororo, minane kila kipande. Wimbo wa sinema haujali hayo. Huanza na kiitikio, vyombo vikapita peke yake, kisha ubeti ukapanda juu na kurudi kwenye kiitikio. Mstari mmoja mrefu, unaofuata umekatika katikati. Mtunzi alilazimika kuisikiliza sauti, kuihesabu, na kukata maneno kwa kipimo chake, huku vina vikibaki mahali pake na fumbo lisitoboke. Mtu akisema huko ni kuiga tu, mpe sauti ya Rafi na karatasi tupu, umngojee.

Vyombo pia vilikuwa vya kila bandari. Kulikuwa na kinanda cha Kihindi, tabla, dumbaki, akodiani, na baadaye gitaa la besi na ogani ya umeme. Kilichoipa Mombasa ladha yake ni tashkota, chombo cha nyuzi kilichobuniwa Japani 1912. Kina vitufe mfano wa taipureta: mkono mmoja unabonyeza, mwingine unakwaruza nyuzi. Kikiunganishwa na spika, mlio wake mkali hupenya makelele ya harusi nzima.

Maulidi Juma aliijua hadhira yake. Kwa upande mmoja alikuwa na nyimbo za sauti ya Kihindi, za kukaa na kusikiliza. Kwa upande wa pili nyimbo za harusi zenye mdundo wa chakacha, za kufunga leso kiunoni na kuinuka. Pamoja naye aliimba Zuhura Swaleh, mwanamke aliyejulikana kwa ukali wa sauti na wa maneno. Mstari ukimgusa mtu, huinuka na noti mkononi, akamwendea mwimbaji kwa mwendo wa madaha na kumtuza mbele ya kila mtu. Hatamki neno. Wanaomjua mke mwenzake wanaelewa tuzo ile imelengwa wapi.

Usiku huo haukuishia uani. Zilipokuja kaseti, maduka kama Mbwana Radio Service la Mombasa yalirekodi na kuuza nyimbo hizo, na wimbo wa harusi ya mtaa mmoja ukasikika kila mtaa.

Si wote waliopendezwa. Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa Lamu aliyefariki 2016, aliacha njia ya Kihindi akafuata sauti za Kiarabu na za Kiswahili cha kale, akishirikiana na mshairi Ahmed Sheikh Nabhany. Akapata heshima yake, lakini harusi hazikuacha kuita sauti za filamu.

Kilichozibadilisha kilitoka kwingine. Tangu miaka ya 1990 taarab ya kisasa ya Unguja na Dar es Salaam, yenye kibodi na mwendo wa kucheza, imeingia kila harusi ya pwani. Sasa kibodi moja inatosha kushika nafasi ya tabla, besi na akodiani, na mpigaji huombwa wimbo kama ulivyo, kuanzia sauti mpaka neno la mwisho. Kuchukua sauti ya watu hakukuiharibu harusi ya Mombasa. Ndivyo muziki wake ulivyojengwa. Lakini maneno nayo yakichukuliwa, mtunzi wa mtaani hana kazi, na bibi harusi wa Mombasa anaimbiwa ugomvi wa watu wa Magomeni, Dar es Salaam.